Bweni la watoto 156: uchambuzi wa kisa cha moto wa Hillside Endarasha

Usiku wa Alhamisi, tarehe 5 Septemba 2024, mnamo saa tano, moto ulizuka katika bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, shule ya msingi ya kibinafsi iliyoko Kieni, Kaunti ya Nyeri. Wavulana 21 walikufa. Miili 19 ilipatikana palepale bwenini, ikiwa imeungua kiasi cha kutotambulika kwa macho, na wawili walifia hospitalini. Shule ilikuwa na wanafunzi 824, wavulana 402 na wasichana 422. Waliokuwa wakilala shuleni ni 316, na kati yao wavulana 156 walikuwa chini ya paa moja. Rais William Ruto alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa kuanzia Jumatatu ya tarehe 9.

Tangu usiku ule wengi wameuliza ni nani au ni nini kilichowasha moto. Hilo ni la wapelelezi. Hapa tunashughulika na jambo linalobaki hata chanzo kikijulikana: moto wa bweni ukianza, iwe ni kwa hitilafu ya umeme, mshumaa au kiberiti cha mwenye nia mbaya, idadi ya watoto watakaotoka hai huwa imekwisha kupangwa siku nyingi nyuma. Huwa imepangwa na aliyeamua vitanda vingapi viingie ndani, mlango uwe na upana gani, na ufunguo ukae mfukoni mwa nani.

Kanuni hazikukosekana. Kenya ilizika watoto wengi kabla ya kuziandika kanuni hizo: wasichana 26 waliokufa kwa moto wa bweni katika shule ya Bombolulu mwaka 1998, na wavulana 67 wa shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001. Katika visa vyote viwili yalijirudia yaleyale, mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa Mwongozo wa Viwango vya Usalama Shuleni. Miaka minne baadaye watoto wanane wakafa bwenini katika shule ya msingi ya bweni ya Asumbi, Homa Bay. Anayesema Endarasha ilituonyesha pengo la sheria hajaufungua Mwongozo huo kwenye sehemu ya mabweni.

Sehemu hiyo ni fupi na inapimika. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Ujia wa kupitia usipungue mita 2. Kila mlango uwe na upana wa futi 5 au zaidi, ufunguke kwa kusukuma nje bila taabu, na usifungwe kwa nje wakati wowote watoto wakiwa ndani. Bweni liwe na mlango kila mwisho na mlango wa dharura katikati, ulioandikwa wazi kuwa ni wa dharura. Madirisha yasiwe na vyuma, yafunguke kwa nje. Mitungi ya kuzimia moto iwe mizima na ikae kwenye kila mlango wa kutokea, na king'ora kiwe mahali panapofikika. Watoto wasilale wawili kitanda kimoja. Pawe na daftari la wanaolala humo, na majina yaitwe kila usiku kabla ya kulala.

Chukua kanuni mbili za mwanzo, zile za mita 1.2 na mita 2, uzipigie hesabu watoto 156. Tuseme wote wanalala kwenye dabodeka, yaani wawili kwa kila kitanda, mmoja juu mmoja chini. Hiyo ni dabodeka 78. Zipange safu mbili, vichwa vikielekea ukutani, ujia ukipita katikati: 39 kila upande. Kitanda cha shule kina upana wa sentimita 90 hivi. Vitanda 39 vinakula mita 35.1 za ukuta, na nafasi 38 kati yake zinakula mita 45.6. Jumla ni karibu mita 81. Bweni la watoto 156 linalofuata Mwongozo lingekuwa na urefu wa mita 81 kabla hujatoa mahali pa mlango wa katikati. Shule ya msingi yenye jengo la namna hiyo ni nadra kuiona. Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa ilisema katika taarifa yake ya awali kuwa bweni la Endarasha lilikuwa limejaa kupita kiasi, kinyume na viwango. Hatujalipima jengo lile na hesabu hii haidai kulipima. Inachoonyesha ni kwamba idadi yenyewe, 156, ilipaswa kumshtua mkaguzi yeyote kabla hata hajatoa futi mfukoni.

Igeuze hesabu upate kanuni ya kazi. Jengo la mita 20 linabeba vitanda 10 kila upande, maana vitanda vyenyewe ni mita 9 na nafasi zake ni mita 10.8. Hivyo ni vitanda 20, watoto 40. Wavulana 156 wanahitaji majengo manne ya namna hiyo, yaliyoachana vya kutosha ili moto wa moja usirukie jingine, kila moja na mlezi wake. Huo ndio ukubwa ambao mtu mzima mmoja anaweza kuuhesabu gizani.

Namna bweni linavyojaa inajulikana na kila aliyewahi kuendesha shule. Hakuna siku moja ambapo bodi hukaa na kuamua kubana watoto. Januari wanaingia wapya kumi, vitanda vinasogezwa sentimita chache. Muhula wa pili mzazi aliyehamishwa kikazi anaomba mwanawe apokewe "kwa muda". Ujia wa mita 2 unakuwa mita 1, kisha masanduku ya bati yanakosa pa kukaa na kushuka sakafuni. Kwa shule ya kibinafsi kila kitanda ni karo, na anayeandikisha wapya mara nyingi ni mhasibu, ambaye hana sababu ya kujua upana wa ujia. Dawa yake ni ya kiofisi: idadi ya juu ya kila bweni ipigwe rangi juu ya mlango kwa nambari kubwa, na nakala ibandikwe kwenye meza ya anayepokea karo. Ikifika 40, mtoto wa 41 hapokelewi hata mzazi akilipa mwaka mzima.

Sasa dakika. Jengo la Endarasha lilikuwa la mbao kwa sehemu kubwa. Mbao zikishika, na chini yake kuna magodoro ya sponji, moshi wa moto sana hujikusanya chini ya dari na kushuka. Ukifikia nyuzi joto 500 hadi 600 za Selsiasi, vitu vyote chumbani huwaka karibu kwa mpigo. Katika chumba cha aina hiyo hali hii inaweza kufika ndani ya dakika tatu hadi tano. Watoto wengi hawangoji ifike. Sponji ikiungua hutoa kaboni monoksaidi na sianidi, na pumzi chache za moshi huo humwangusha mtoto kabla ndimi za moto hazijamfikia. Aliye kitanda cha juu ndiye anayeuvuta kwanza.

Ukiweka dakika hizo kando ya mlango, mambo hujieleza. Watu wanaopita kwa utaratibu hupita mlango wa futi 5 kwa kasi ya kama mtu mmoja na nusu kila sekunde. Wavulana 156 wanahitaji sekunde 104 kwenye mlango mmoja wa namna hiyo. Kwenye mlango wa nyumba wa sentimita 80, ambao ndio fundi wengi wa mtaani huweka usipowaambia vingine, wanapita kama wawili kila sekunde tatu. Hapo wanahitaji karibu dakika nne, na hiyo ni ikiwa hakuna anayeanguka, taa zinawaka na mlango unafunguka kwa nje. Mlango unaofunguka kwa ndani ni mtego: watatu wa kwanza wakisukumwa na walio nyuma, hakuna mwenye nafasi ya kuuvuta. Milango mitatu ya futi 5 ingewatoa wote kwa sekunde 35. Mlango wa katikati haukuwekwa kwa urembo. Moto huziba mwisho mmoja wa jengo, na bila mlango huo watoto wote wanamiminikia mwisho wa pili.

Kuna jambo ambalo mipango mingi ya shule za msingi hulisahau kwa kunakili ile ya sekondari. Mtoto wa miaka tisa au kumi hulala usingizi mzito, na wengi wa umri huo hawaamshwi na king'ora cha moshi. Akiamka, asiyefunzwa hujificha. Huingia chini ya kitanda au hujifunika blanketi, kwa kuwa ndivyo anavyofanya akiogopa jambo jingine lolote usiku. Kwa hiyo king'ora peke yake hakitoshi. Lazima awepo mtu mzima anayelala ndani ya jengo au kwenye chumba kinachopakana nalo kwa mlango, mwenye tochi yenye betri na kipenga, na kazi yake ya kwanza ni kuamsha kwa mkono safu kwa safu. Mlezi anayelala nyumba ya walimu mita mia mbili kutoka bwenini atafika kuhesabu hasara.

Zimamoto nazo zisitegemewe kuwa ndiyo mpango. Usiku wa Endarasha waokoaji walichelewa kwa kuwa mvua ilikuwa imeharibu barabara. Shule yoyote ya mashambani ichukulie kwamba gari halitafika ndani ya dakika zinazohesabika.

Tuje kwenye kufuli, maana hapa ndipo walimu wema hukosea kwa nia njema. Bweni hufungwa kwa nje kwa sababu za kweli: wasichana walindwe na wavamizi, wavulana wasitoroke, magodoro yasiibwe. Hofu ya mvamizi si ya kubuni, na mlezi aliyewahi kukuta mtu asiyejulikana kwenye ua wa shule usiku hatakusikiliza ukimwambia aache mlango wazi. Kwa hiyo usimwambie hivyo. Mlango wa bweni unatakiwa kufungwa dhidi ya aliye nje na kufunguka kwa aliye ndani bila ufunguo. Komeo la ndani la kusukuma, lililowekwa kimo cha mita 1 hivi ili mtoto mfupi kuliko wote alifikie, linafanya kazi zote mbili, na fundi wa kuchomelea wa mjini analitengeneza. Makosa ya kawaida yako matatu: komeo la pili linaongezwa juu ya mlango "kwa usalama zaidi" ambapo mtoto hafiki; mlango wa dharura unageuzwa ukuta wa kuegemeza magodoro au magunia ya mahindi; na funguo za mlango wa pili zinakaa kwa naibu mwalimu mkuu aliyekwenda kwao wikendi. Vyuma vya dirishani vina hoja ileile. Vinalinda mali. Kama shule inaogopa wezi, iajiri mlinzi wa usiku.

Sehemu ya kisa hiki inayozungumzwa kidogo kuliko zote ilitokea asubuhi. Ijumaa ya tarehe 6, Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alisema watoto 70 hawakuwa wamejulikana walipo, akaongeza kwamba haina maana wote wamekufa au kuumia. Na kweli, wengine walikuwa wamekimbilia nyumba za jirani usiku, na wengine walichukuliwa na wazazi bila shule kujua. Msalaba Mwekundu wa Kenya ulifungua meza ya kuwatafuta. Hebu fikiri wazazi wa wale 70 waliokuwa langoni: kwa saa kadhaa hakukuwa na mtu wa kuwaambia kama mtoto yuko kwa mama wa jirani akinywa chai au yumo kwenye majivu. Utambuzi wa miili ulilazimu vipimo vya vinasaba.

Daftari la bweni linalofaa kitu usiku wa moto lina sifa nne. Lina jina, darasa, namba ya kitanda na simu mbili za nyumbani kwa kila mtoto. Linajazwa kila usiku kwa kuita majina watoto wakiwa wamesimama kando ya vitanda vyao. Kuhesabu vichwa hakutoshi, kwani mtoto mgeni aliyelala kwa rafiki hujaza pengo la aliyetoroka. Nakala ya usiku huo, hata kama ni picha ya simu iliyotumwa kwa mwalimu mkuu, iko nje ya jengo. Na linaonyesha nani ameruhusiwa kwenda nyumbani, siku gani, na anaondoka na nani. Watoto 156 huchukua dakika nyingi kuwaita, ndiyo maana kwenye mabweni makubwa zoezi hili hufa kimyakimya kufikia wiki ya tatu ya muhula. Watoto 40 wanaitwa kwa dakika tano.

Daftari hilohilo linafanya kazi nyingine isiyohusu moto. Mtoto anayetolewa bwenini usiku na mtu mzima, awe mfanyakazi, mwalimu au mwanafunzi mkubwa, hugunduliwa kwa kuita majina kwa saa zisizotabirika. Walezi wanaofanya hivyo mara moja kwa wiki kati ya saa sita na saa tisa usiku huwanyima wadhalimu nafasi wanayoitegemea zaidi, yaani uhakika kwamba hakuna atakayeangalia hadi alfajiri.

Dharura ikitokea, lango ni la mtu mmoja mwenye daftari la pili. Hakuna mtoto anayeondoka bila kuandikwa: jina lake, jina la anayemchukua, namba ya kitambulisho, uhusiano wao, simu, saa na sahihi. Wazazi wataghadhibika, na wana haki. Mwandishi wa daftari aambiwe mapema kwamba atatukanwa na asiache kuandika. Wakati huohuo mwalimu mwingine apige simu kwa chifu na kwa viongozi wa nyumba kumi: kila aliyepokea mtoto apeleke jina la mtoto huyo shuleni, asimlete mtoto mwenyewe usiku. Redio za lugha za mashinani husikika haraka kuliko tangazo lolote la wizara. Watoto waliotoka wakusanywe mahali pasipoona jengo linaloungua wala miili ikitolewa, na mahojiano ya polisi yafanywe mara moja tu, mtoto akiwa na mtu anayemwamini. Kamera zikae nje ya lango.

Zoezi la kutoka hufanywa vibaya katika shule nyingi zinazolifanya: mchana, kwa kengele iliyotangazwa, watoto wakitembea na viatu. Lifanyeni usiku, saa tatu, wiki ya kwanza ya kila muhula, kabla wapya hawajazoea. Zimeni umeme. Kila mtoto afundishwe kuhesabu vitanda kutoka chake hadi mlango wa karibu, na kutoka chake hadi mlango wa pili, kisha aende kwa kugusa akiwa amefumba macho. Afundishwe kutambaa, maana hewa nzuri iko chini. Sanduku libaki. Safari ya pili mwalimu asimame na taa nyekundu kwenye mlango mmoja kuashiria kwamba umezibwa, aone kama wanageuka au wanarundikana. Kiranja wa bweni atoke na watoto wengine. Kumwachia mvulana wa miaka 13 kazi ya kurudi kuwatafuta wenzake ni kumtuma kufa. Pimeni muda hadi mtoto wa mwisho ahesabiwe uwanjani. Bweni la watoto 40 likizidi dakika mbili, punguzeni vitanda au ongezeni mlango. Kuwafokea watoto waharakishe hakujawahi kupanua ujia.

Baada ya Endarasha serikali iliagiza ukaguzi, na kabla mwaka haujaisha Wizara ya Elimu ikaamuru sehemu za bweni za shule za msingi 348 zifungwe kwa kukosa viwango. Inafaa kukumbuka kwamba Novemba 2022 Katibu wa Elimu, Belio Kipsang, alikuwa ametangaza kuwa wanafunzi wa gredi ya kwanza hadi ya tisa wangesoma kutwa kuanzia Januari 2023, kisha agizo likalegezwa. Tanzania, iliyopoteza watoto kumi kwenye moto wa bweni huko Kyerwa, Kagera, Septemba 2020, ilitoa waraka wa kupiga marufuku bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano kuanzia Machi 2023, isipokuwa kwa kibali. Kwa maoni yetu Tanzania ilishika upande ulio sahihi: mtoto asiyeamshwa na king'ora hana kazi bwenini. Lakini waraka wa umri hauwasemei wale wa darasa la tano na kuendelea, na kufunga bweni katikati ya mwaka kuna hatari yake. Mzazi anayefanya kazi mbali humpangishia mtoto chumba karibu na shule au kumweka kwa mtu asiyemjua vizuri, na huko hakuna daftari wala mkaguzi. Agizo la kufunga liambatane na orodha ya majina: mtoto huyu anakwenda kulala wapi, kwa nani, na nani atakwenda kumwona baada ya wiki mbili.

Mzazi naye ana robo saa yake siku ya kutembelea watoto. Aombe kuingia bwenini. Akikataliwa, amepata jibu la kwanza. Ahesabu vitanda na kuzidisha kwa mbili. Asimame kati ya vitanda viwili anyooshe mkono mmoja: mkono wa mtu mzima hadi katikati ya kifua ni kama sentimita 90, kwa hiyo ncha ya kidole ikigusa kitanda cha pili huku kifua kikiwa sawa na ukingo wa cha kwanza, nafasi haijafika mita 1.2. Ausukume mlango kutoka ndani bila kuomba ufunguo. Aulize daftari la jana usiku, si la wiki iliyopita. Halafu amuulize mwanawe, bila mwalimu kuwapo, mlango wa pili uko wapi na vitanda vingapi viko kati ya chake na mlango huo. Mtoto aliyefanya zoezi gizani hujibu kwa nambari palepale. Asiyefanya huanza kueleza kwamba huo mlango huwa umefungwa.